Mashine Moja, Diski Mbili

Kwa Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumai wewe, shemeji na mtoto hamjambo, na lile jino la shemeji limetulia. Mimi nilishikwa na homa wiki iliyopita, lakini sasa sijambo, imebaki midomo kupasuka tu.

Dada, uliniandikia kuwa umenipatia nafasi chuoni, nami nikajibu kwamba siwezi kuondoka kwa sababu ya kompyuta ya dukani. Bila shaka ulinicheka. Ngoja nikueleze.

Baba mdogo anakata stika, na mashine yake ya kukatia haielewani na mfumo mpya wa kompyuta. Mama mdogo naye anawatumia watu maombi yao ya kazi na vyuo mtandaoni, na mfumo wa zamani ulijaa virusi hadi vikala kazi ya mteja wake. Siku hiyo waligombana mbele za watu, na tangu hapo hawasemeshani. Mimi, kwa kutaka amani, nikafunga diski ya pili ndani ya kompyuta ileile: diski ya zamani ibaki na mfumo wa baba mdogo, hii mpya iwe na mfumo wa mama mdogo. Ukiwasha tu, inaingia kwa baba mdogo. Ukitaka ya mama mdogo, unabonyeza kitufe fulani mapema, kisha unachagua diski.

Wote wakasema hayo ni mambo ya watoto wa siku hizi, wao hawayawezi. Kwa hiyo kila zamu inapobadilika naitwa, hata nikiwa na povu la sabuni mikononi. Wala siitwi kuwasha tu. Mama mdogo hunituma nimwambie huyo bwana kwamba yeye si kuku anayeatamia, aondoke kitini. Baba mdogo, aliyekaa hapohapo anasikia, hunituma nimwambie malkia kwamba haraka haraka haina baraka. Nami nasimama katikati nikiyarudia yote, masikio yakiniwaka, nikipunguza chumvi kidogo.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Siku ya homa nililala chumba cha nyuma ya duka, na ukuta wetu ni mbao tu. Kila mfumo una mlio wake wa kuwaka. Nikasikia mlio wa baba mdogo. Baadaye kompyuta ikazimwa, ikawashwa, nikasikia wa mama mdogo. Kisha wa baba mdogo tena. Hakuna aliyeniita. Wanajua, dada. Wote wawili wanajua. Na kutwa nzima, ukiacha wateja, sikusikia mtu akisema neno.

Nilipoinuka kitandani tu, mama mdogo akaniita nikamwashie, eti vitu hivi vinamshinda. Nikaenda nikabonyeza. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Kwa hiyo si kompyuta inayonishika hapa. Nikiondoka, nyumba hii itakuwa bubu, na naogopa. Lakini nataka kusoma, dada. Njoo mwenyewe unichukue kabla nafasi haijapita. Usipige simu kuniombea ruhusa. Nimekwisha jaribu: mama mdogo alisema nimuulize baba mdogo, baba mdogo akasema nimuulize mama mdogo, na mpaka leo niko njiani kati ya kiti na kaunta.

Msalimie shemeji, nibusie mtoto. Mama mdogo anakusalimu. Baba mdogo naye anakusalimu, kivyake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba