Kitu Kwenye Mkojo wa Imani

Jumanne

Daktari wa figo amesema kwenye mkojo wa mtoto wangu kuna kitu ambacho hakitoki kwa dawa zake, na watu wa maabara hawakijui. "Mama Imani, unampa nini kingine?" Nikaapa, hakuna.

Kufika nyumbani nikamwuliza mama mkwe pole pole. Akafungua fundo la leso, akatoa mizizi. Anaichemshanga na uji wa Imani nikiwa kazini.

"Ndiyo hii nilimpa baba yake, na si alikua?"

Nilikuwa na hasira, lakini sikumfokea. Nikamwambia ipelekwe ipimwe, pengine figo za mtoto bado haziiwezi.

Kesho ataibeba mwenyewe. Amesema atamwambia daktari, nisiitwe mwongo.