Sale Lako Limefika

Mbagala Charambe,
Sanduku la posta sina,
Dar es Salaam.
14 Septemba, 2025

Mpendwa kaka Adelard,

Shikamoo. Goti lako likoje? Benedicta kanambia siku hizi shambani unashuka na fimbo. Pole. Shemeji presha yake imetulia? Na yule ng'ombe wa maziwa alizaa? Mie nipo. Mgongo unauma kwa ajili ya zege, lakini mkono wa kuandikia mzima. Kibarua nimepata Msasani, tunamwaga ghorofa ya nne ya mtu ambaye hata sura yake siijui.

Mwanao Benedicta kafika salama na mkungu wa ndizi na lile jani. Nimemwambia arudi na barua, simu sitaki. Kwenye simu ningekutukana, na wewe ni mkubwa wangu. Kwenye karatasi matusi yananichosha. Mie darasa la nne.

Kwa hiyo umenitumia sale. Miaka kumi na saba hukutuma, umetuma mwaka huu mwanangu Demetria anapovishwa bawa la urubani. Unajua vizuri sie Warombo mtu akikuletea jani la sale kuomba msamaha hulikatai. Umenibana. Nimelipokea, nimelichomeka dirishani, linakauka. Kusahau sijasahau.

Nasikia kanisani ulisimama kwenye matangazo ukasema binti yako anarusha helikopta ya jeshi. Binti yako. Watu wakapiga makofi. Na sasa unataka kadi ya pili ya sherehe, maana jeshi limetoa kadi mbili tu, ya baba na ya mama. Jibu la kadi liko humu, soma mpaka chini. Usimpe Benedicta akusomee, soma mwenyewe.

Nianze na mama Deme. Hatujawahi kuliongea hili, kila nikija Desemba unaniwekea pombe naondoka.

Boti ilipozama njia ya Mafia, Felicitas alikuwemo na marobota yake ya vitenge. Mie nilikwenda Nyamisati na Deme, ana miaka kumi, sikuwa na wa kumwachia. Tulikaa pale ufukweni siku tano. Askari walikuwa na boti moja na daftari. Kila anayeletwa, mzima au maiti, jina linakatwa. Waliandika majina kumi na moja. Siku ya tano likabaki moja, la mke wangu.

Mie simu sikuwaga nayo. Walipotaka namba ya ndugu niliwapa yako. Namba niliitoa mie kwa mdomo wangu, hilo silikwepi.

Wewe huko Rombo ukaona padri yupo, ndugu wamejaa, chakula kinaisha. Ukakata mgomba, ukautia kwenye sanduku, ukazika kihambani, kwenye migomba yetu, Jumamosi na msalaba juu. Sawa, asiyeonekana huzikwa hivyo, wazee walifanya. Lakini wazee walisubiri. Wewe siku nne. Halafu askari akakupigia kuuliza kama kuna habari ya Felicitas, ukamjibu nini? "Sie tumeshazika." Hukusema mgomba. Na yeye angejuaje? Kaandika amepatikana, kazikwa. Kakata jina.

Asubuhi ya siku ya sita tunafika, boti imefungwa gatini, wanakunywa chai. Deme ndo kaenda kuwauliza.

"Mbona leo hamwendi?"

"Tumemaliza, binti. Wote wamepatikana."

"Mama yangu bado."

Askari akafungua daftari. "Mama yako kazikwa Jumamosi kwenu Rombo. Kaeleze baba yako."

Nikaeleza mie mpaka sauti ikakauka. Wakasema mafuta yamerudishwa na amri imetoka. Ndo ikawa basi. Labda siku ya sita wangemuona. Labda wasingemuona. Hilo labda ndo nalala nalo.

Haya, mtoto. Deme alipomaliza kidato cha sita akaenda JKT, nikajua atarudi. Hakurudi, akaingia jeshini. Nikasema sawa, hata jiko la jeshi ni kazi. Siku moja kaja hapa na sare, anasema kachaguliwa kusomea urubani, ule wa kutafuta watu baharini. Nilimfukuza. Nilimwambia bahari imemla mama yako na wewe unaifuata. Akasema, "Siifuati baba, naipita juu." Akaingia jikoni akapika ugali kama hajafukuzwa. Ana kichwa cha mama yake yule.

Kasoma miaka mitatu, miwili nje ya nchi. Baraka sikumpa. Alikuwa akipiga simu nasema nipo kazini, hata Jumapili.

Aliporudi akanieleza wanavyofundishwa. Wanafungwa mikanda kwenye kibanda cha chuma, kinazamishwa kwenye bwawa, kinapinduka kichwa chini, taa zinazimwa. Ujitoe. Mara ya kwanza alishindwa, wakamtoa kama mzigo, akatapika maji mbele ya wanaume. Akarudia. Nilijua alikuwa anawaza nani mle majini.

Nikamuuliza mnatafutaje, maji yote yale? Akasema ni kama fundi anavyopiga ripu ukutani. Unachukua kipande, unakwenda nacho moja kwa moja, unageuka, unarudi pembeni yake, huruki pahala. Nikamuuliza kichwa cha mtu kinaonekana toka juu? "Kinaonekana kama nazi. Kwa hiyo kila nazi tunashuka kuiangalia." Kila nazi, Adelard.

Siku hiyo ndo nilimpa baraka. Nilimwekea mkono kichwani nikiwa na vumbi la saruji. Akasema, "Afande akiniona hivi ananiweka ndani." Tukacheka. Nilikuwa sijacheka naye toka yuko msingi.

Sasa kadi. Mie ya pili ningeiacha kwenye kiti cha mama yake, kikae kitupu. Ndo nilivyomwambia. Yeye kasema hapana, apewe baba mkubwa. Nikamwambia una wazimu. Huyo si ndo aliyewarudisha askari?

Akasema, "Ndo maana. Yeye ndo kanifanya rubani."

Ni kweli tupu na inauma. Siku zote hizi nabeba zege kumsomesha, halafu aliyemfikisha kule ni wewe na mgomba wako.

Kwa hiyo njoo. Ni Ijumaa tarehe tatu mwezi ujao, saa mbili asubuhi, ufike Jumatano. Kadi sijampa Benedicta. Utaipata mkononi mwangu, kwa sharti moja.

Kabla hujapanda basi shuka kihambani ung'oe ule msalaba uje nao. Ule wenye jina la Felicitas. Mgomba ulishaoza, uache. Padri akiuliza mwambie huyu mtu hayumo humu. Majirani wakiuliza waambie hivyohivyo, kwa sauti ile uliyotangazia binti yako. Ukija mikono mitupu, utasimama nje ya geti la kambi na goti lako, na mie nitakupita.

Hatuupeleki popote. Nitauweka hapa ukutani. Mwanangu anaanza kazi mwezi wa kumi na moja, na kambi yao ndo inaangalia maji yale ya Mafia. Mie si mjinga, najua imepita miaka kumi na saba. Ila kwenye daftari langu lile jina lisikatwe. Nikifa mie nizikwe na msalaba huohuo, chini ya jina lake muandike langu. Hapo ndo utasema tumeshazika.

Msalimie shemeji, anywe dawa zake. Msalimie shangazi Hilaria, na Stanley wa bondeni, mwambie jembe lake nalikumbuka. Deme anakuamkia. Kasema ukija uvae viatu vya kufunga, kule wanasimama sana.

Mungu akulinde njiani, na goti likufikishe.

Mdogo wako, akupendaye kwa sababu sale halikataliwi,

Albano