Boga Alilolitema Mama

Aline mjukuu wangu,

Huku Nengo tuko wazima, na shangazi yako sasa anauza nyanya sokoni Mahoko. Unauliza kama maboga ya bustanini yatamdhuru mbwa wako. Bon, swali limenichanganya. Nilipokuwa msichana, mbwa wetu alikula majani ya maboga, maua, hata boga la kuchemsha, na hakuugua, ila mara moja tu.

Mama yangu alizoea kuonja kipande kibichi kabla ya kupika. Siku moja boga lililojiotea jalalani likawa chungu. Akalitema, akamtupia mbwa. Mbwa alilila, akatapika mpaka tukadhani anakufa. Mama alikaa naye, akiuliza kila aliyepita, "Nimelitema mwenyewe, kwa nini nimempa yeye?"

Onja boga kwanza, Aline. Ukilitema, usimpe. Naye ana ulimi kama wewe.

Bibi yako