Upepo Ulioangusha Mikulo Tu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ninayotaka kukuuliza ni mazito, na hukunilea nikuulize mambo mazito bila kukuamkia kwanza.

Nimevishusha vinyago vyako vyote ukutani. Hondohondo, kinyonga, lile jani la kangaga lililochongwa mpaka mishipa inaonekana. Viko mezani, nimevifunika kanga. Nilipohamia nyumba hii ya Lushoto mjini nilitaka msitu uingie ndani pamoja nami. Nilinunua picha ya ukungu wa asubuhi kwa kijana anayesomea uchoraji, nikakausha maua ya urujuani na kuyatia chini ya kioo, nikatafuta mkeka uliofumwa kwa rangi za majani. Lakini hivyo vyote nilivipanga kuzunguka vya kwako. Vya kwako ndivyo vilivyoufanya ukuta uwe ukuta.

Unakumbuka ulivyokuwa ukivileta? Unashuka kutoka Magamba na koti lako la mlinzi wa msitu, umekumbatia kitu ndani yake kama mtu aliyebeba kifaranga. Nakukimbilia mlangoni.

"Msitu unakusalimu," unasema.

"Nani kachonga?"

"Fundi Zakaria. Upepo umeangusha mti, akapata kipande."

"Mti gani, baba?"

"Mti tu."

Wakati ule sikushtuka. Nashtuka sasa. Wewe uliyenifundisha njia nzima ya Magamba mti mmoja mmoja, jina la Kiswahili na la Kishambaa, ukanigombeza nikichanganya, wewe ndiye wa kuniambia "mti tu"?

Shaka hii ilinianzia Mlalo, kwenye harusi ya binamu. Kanisani tulikaa benchi la nyuma, la zamani sana, na watu walipoinama kuomba nikasikia harufu yako. Harufu ya koti lako, kali kidogo, kama dawa ya kuchua kifua. Niligeuka kukutafuta, baba, miezi mingi baada ya kukuzika. Kisha nikainamisha pua kwenye ubao. Mama akanifinya paja.

"Unanusa nini kama paka? Watu wanatutazama."

Bibi aliyekaa pembeni akacheka. "Mwache anuse. Huo ni mkulo, mwanangu. Siku hizi haukatwi. Ukikutwa nao, unalo."

Nilirudi nyumbani nikamnusa hondohondo. Nikamnusa kinyonga. Nikalinusa jani. Vyote, baba. Upepo gani huo uliokuwa ukiangusha mikulo tu?

Mama nilimuuliza. Alisema, "Baba yako alikuwa mtu wa kazi. Menya viazi." Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, akanisogezea viazi zaidi.

Baadaye Fundi Zakaria akatuma salamu kwamba kuna kinyago chako cha mwisho, amekimaliza, niende nikichukue. Nilikwenda. Alikuwa amekaa katikati ya takataka za mbao, akafurahi kweli kuniona.

"Karibu, mtoto wa Bwana Msitu! Umenenepa. Mjini wanakulisha nini?"

Akatoa mbega jike aliyempakata mtoto. Sijaona kitu kizuri kama kile. Harufu ilinifikia kabla sijakishika.

"Mti gani huu, fundi?"

"Si wewe ndiye uliyesoma? Mti ni mti."

"Baba alisema miti hii huangushwa na upepo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Upepo! Basi upepo huo ulikuwa na macho. Huu baba yako aliuchagua mwenyewe, umesimama kule juu ya kijito, akaupiga kofi kama ng'ombe wa mnadani..." Akaanza kukusanya takataka kwa miguu. "Ulikuwa umekauka, lakini," akasema. Kisha, "Ulikuwa karibu kukauka."

"Wewe ulikuwa unampa vinyago ili iweje?"

"Muulize mwenyewe."

"Alishafariki, fundi."

"Basi na mimi nimeshasahau. Chukua mbega wako."

Njia nzima nilikuwa nakadiria. Hondohondo anaenea ndani ya koti. Mkulo watu wawili hawaukumbatii wakashikana mikono. Sehemu iliyobaki ilikwenda wapi, baba? Ilipita kwenye kizuizi gani, na nani alikuwa amesimama pale? Nilidhani ulikuwa unaniletea zawadi. Sasa nadhani ulikuwa unaniletea mimi ile sehemu ndogo ambayo fundi alikupa ili ugeuze uso, na kwamba kila nilipopigilia kigingi kingine ukutani kwa furaha, kule juu palikuwa pamebaki uwazi mwingine.

Nadhani tu. Ndiyo maana Jumamosi nilipanda Magamba.

Juu ya kijito nilikuta rundo la matawi makavu. Hayakuwa yametupwa, yalikuwa yamepangwa: manene chini, membamba juu, ncha zote zimeelekea mlimani, kama ulivyokuwa ukimpangia mama kuni jikoni. Nilikaa kitako kwenye majani mabichi. Nilijiambia kwamba watu wengi hupanga kuni hivyo. Mpaka leo najiambia.

Kisha nikaondoa tawi moja. Nikaondoa la pili. Kisiki kikatokea, kipana, kimekatwa kwa msumeno, kimelala sawa kama meza. Nilikiwekea kiganja. Pale hapapiti mtu ovyo. Wanapita walinzi wa zamu tu, vijana uliowafundisha kazi mwenyewe, ambao bado wakikutana nami barabarani wananisimulia ulivyokuwa mkali.

Matawi sikuyarudisha, baba. Nimekiacha wazi.

Pumzika, kama unaweza. Nakupenda, na sikuamini tena.

Binti yako wa kwanza