Ni Mimi, Msijali

Jumatatu, 3 Machi

Nduru kumi na moja leo. Tangawizi imeisha. Koo kama limepigwa msasa. Mwas anataka mbili zirudiwe kesho, eti yule mama wa kwenye ngazi amekufa haraka sana.

Kazi ni ileile. Mwas anatafuta filamu za zamani za kutisha, zile nyeusi na nyeupe, anasimulia kwa Kiswahili juu ya Kizungu, anatia kwenye flashi. Kumbi za video na vinyozi wa Ruiru wanachukua. Wanaume wote ni sauti yake. Wanawake wote ni mimi. Studio ni chumba nyuma ya duka la simu, kuta tumezibandika trei za mayai. Mwezi uliopita nilikufa mara tisa. Muuaji alikufa mara mbili tu, na zote mbili alipewa maneno ya mwisho.

Jumatano, 5 Machi

Sikwenda Ruiru. Mazoezi ya nduru nyumbani, Thika, saa nane mchana. Hakuna aliyekuja kuangalia. Mara ya kwanza, mwaka jana, wapangaji wa ploti nzima walikuja mbio. Mama Kamau na mwiko wa ugali, fundi wa viatu na nyundo, mwingine na jembe. Niliona haya, nikawapikia chai. Tukakubaliana niwe natuma ujumbe kwenye grupu ya ploti kabla ya kuanza: "Ni mimi, msijali." Siku hizi hata situmi. Wamezoea. Watoto wananiiga wakicheza.

Aliyenifundisha ni Wairimu, jirani wa ukuta kwa ukuta, anayeshona sare za shule. Alinisikia akacheka mpaka akashika mlango. "Eish, hiyo si nduru ya mtu anauawa. Hiyo ni ya kuona panya. Ya ukweli ni fupi. Pumzi inakatika, alafu unameza." Akanionyesha. Mwas alifurahi sana, akasema sasa nimeiva. Sikumwuliza Wairimu alijifunzia wapi. Miaka mitatu ukuta mmoja, na sikuuliza.

Jumapili, 9 Machi

Wairimu amejifunga mtandio shingoni na jua lote hili. Ukateleza. Alama za vidole, nne upande mmoja, moja upande wa pili. Nikamwambia twende polisi. Kumbe alishaenda. Askari alimwuliza yeye alimfanya nini mume wake.

Jioni mume mwenyewe, Kariuki, akanisalimia mlangoni. "Sasa jirani, leo hakuna sinema?" Mpole kabisa. Nilitamani kumpasua na sufuria.

Jumanne, 11 Machi

Filamu mpya. Mke wa daktari anajua mumewe anataka kumwua. Anamwambia dada yake, padri, polisi. Wote wanamletea maji ya kunywa na kumwambia akalale. Wanaume wanamjadili akiwa ameketi palepale. Halafu kamera inapanda ngazi pamoja na mume, inatazama kwa macho yake, na sisi sote tunamwendea huyo mama na kamba mkononi. Haikai upande wa mke hata mara moja, imtazame yule anayekuja. Miaka miwili niko kwenye kazi hii, na leo ndiyo nimeliona. Nina hasira hadi meno yanauma.

Mwisho nikaurekodi kivyangu. Badala ya nduru, mama anataja jina la mumewe, anataja nyumba ilipo, anasema njooni. Mwas akafuta. "Wee, hakuna mtu amekuja kuskia address. Wanataka nduru. Hapo ndio wanapiga makofi." Ni kweli, nimewaona ukumbini wakipiga. Nikatoa aliyoitaka. Fupi, pumzi ikakatika. Nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Najichukia.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike tu.

Nilikuwa Ruiru tangu asubuhi. Nimerudi saa tisa. Mlango wa Wairimu wazi kidogo, redio inaimba. Damu mpaka kizingitini. Alikuwa chini ya cherehani. Taya limehama upande. Meno mawili sakafuni. Pasi ya makaa imelala kando, nywele zake zimegandia kwenye chuma. Mkono wa kulia umepinda pasipo na kiungo. Alikuwa anapumua.

Nilipiga nduru. Hakuna aliyetoka.

Nikapiga tena. Hakuna. Ilibidi nigonge milango, mmoja mmoja, kwa viganja vya damu. Mama Kamau alikuwa ndani anachagua maharagwe. Alinitazama mimi, akatazama mlango wangu, akanitazama tena. "Ngai! Si tulidhani ni wewe." Walikuwa wakisikia tangu saa saba. Fundi wa viatu anasema aliongeza sauti ya redio. Hawakuwa na ubaya. Mimi ndiye niliyewazoesha.

Jumatatu, 17 Machi

Kariuki alikuwa ametoroka, leo amepatikana stendi ya Makongeni. Wanaume wa ploti walimpiga mawe na mateke mpaka sikio likaning'inia, ndipo polisi wakamtoa mikononi mwao. Nilikuwepo. Nilitazama mpaka mwisho. Nilifurahi, na sijutii.

Kisha nikaenda Ruiru. Mwas alikuwa amepata habari, akanipa pole. Halafu akasema tumalizie nduru moja tu ya mke wa daktari, ndio nipumzike. Nikaitwaa maikrofoni nikaigonga ukutani mpaka ikabaki waya. Nikang'oa trei za mayai, safu nzima. Alirudi nyuma mpaka mlangoni. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiogopa. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Jumatano, 26 Machi

Hospitali. Taya la Wairimu limefungwa waya. Mkono wa kulia uko ndani ya plasta, kwa hiyo anaandika kwa wa kushoto, polepole, nyuma ya karatasi ya dawa. Dirisha liko wazi. Nje wanaanika mashuka.

Aliandika neno moja: Walisikia?

Nikamwambia ndiyo, walisikia.

Akaigeuza karatasi, upande wa dawa juu. Nikammenyea chungwa, halafu nikakumbuka hawezi kutafuna. Nikalikamua kwenye kikombe, nikaenda kumwomba nesi mrija.