Jeneza la Kotone

Bombambili, Songea
6 Oktoba 2024

Dada yangu Aurelia,

Shikamoo. Habari za Tunduru? Shemeji Abdulhamid hajambo? Na huyo wa tumboni bado anakupiga mateke ukila dagaa? Sisi huku wazima. Mama analalamikia miguu, bibi anamlalamikia mama, na baba yuko vilevile, chuma hakiumwi.

Barua nampa Alfani wa basi kama kawaida. Ningekupigia kwa simu ya saluni, lakini simu ya kuazima haina siri, na yangu baba anaipekua kila jioni kama askari wa mpakani.

Umeiona video mpya ya Hinagiku, wale waimbaji wetu wa Kijapani? Kama bado, kaa chini. Kotone ameondolewa kwenye kundi. Ameonekana na mvulana, basi, na kule Japani msichana wa kundi haruhusiwi kuwa na mtu. Sasa kampuni imetoa video ya kumuaga. Wamemvalisha sare yake ya shule, wamemlaza kwenye jeneza jeupe, picha yake ina utepe mweusi. Wenzake sita wanacheza kumzunguka na kumtupia maua. Mwisho mfuniko unashuka na yeye bado anapepesa macho! Mashabiki dunia nzima wanatukanana. Wengine wanasema ni sanaa, wengine wanasema ni unyama.

Nilikuwa namsuka mteja. Nilimwacha na nywele nusu, nikatoka nje nikalia. Akanifuata mlangoni na kichwa chake upande, akaniuliza, "We binti, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo.

Dada, sikumlilia Kotone. Nilikuona wewe. Uliambiwa tu kwamba baba alikuzika, mimi sijawahi kukusimulia. Siku aliposikia umesilimu na kuolewa, alikata mgomba nyuma ya nyumba, akauvisha gauni lako la kwaya, akauzika palepale, kama wanavyozikwa wale waliozama Nyasa na mwili usionekane. Padre alikataa katakata kuja. Baba akasema yeye ni mwenyekiti wa jumuiya, atasali mwenyewe. Watu walikuja, dada. Walilia, wakala ugali na maharage, wakatuambia poleni. Mama alitupa udongo. Na mimi nilitupa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuwapenda hao wasichana. Tulicheza nyimbo zao sebuleni mpaka bibi akasema, "Hawa si Wajapani, hawa wanacheza kioda cha kina mama wa Nyasa, wamekosa mavazi meupe tu." Leo sitaki hata kuwasikia. Nimewatukana kwenye maoni kwa Kiswahili, na wasipoelewa shauri lao.

Mdogo wako,
Pamela


Tunduru
12 Oktoba 2024

Mdogo wangu Pamela,

Assalam aleikum. Usishtuke, mkono umeshazoea. Marahaba. Mimi mzima kiasi, shemeji yako mzima, yuko kwenye korosho tangu alfajiri mpaka giza. Mtoto ni mkorofi. Amekurithi.

Video nimeiona, nimeirudia mpaka shemeji yako akaninyang'anya simu. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulimwangalia Kotone, mimi niliwaangalia wale sita. Wanacheza vizuri sana. Hakuna hata mmoja anayekosea hatua. Hapo ndipo paliponiuma. Haya niambie, wewe udongo uliutupa kwa mkono upi? Nakutania. Ulikuwa na baba pembeni yako, ningekuwa mimi ningetupa pia.

Sasa nina neno, na ukilisoma usilipuuze. Najifungua mwezi ujao. Unajua mimba ya kwanza mtu hajifungui bila mama yake. Kwetu ni hivyo na huku ni hivyo, na mama mkwe alishafariki kabla sijaja. Wanawake wa hapa ni wema, wananiita kwa jina langu jipya, lakini wananiuliza, "Mama yako anakuja lini, Mwanaheri?" Nimechoka kusema anaumwa miguu. Nesi wa kliniki ameona nimevimba, ameniambia niwahi hospitali nikakae huko. Nimemwambia nitakwenda na mama.

Mwambie mama aje. Baba asije, asinisamehe, aendelee kunisalia huko jumuiyani. Namtaka mama tu.

Dada yako,
marehemu Aurelia


Bombambili, Songea
18 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Usijiite hivyo tena, nilikasirika mpaka nikacheka, halafu nikakasirika upya. Uvimbe umepungua? Sisi wazima wa mwili.

Nilimwambia mama tukiwa kwenye kuchambua maharage. Akaacha, akafuta machozi kwa kanga, akasema nimpe nafasi aongee na baba. Nikamtahadharisha, hakusikia. Aliongea naye mezani, kwa upole, akamtanguliza bibi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Maiti haizai." Akaomba chumvi.

Nikamwambia mama basi toroka, nitakukatia tiketi mimi. Anataka, dada, naapa anataka. Nguo zako za utotoni ameshazifua na kuzificha kwenye debe la unga. Lakini anaogopa kitu kingine. Anasema, "Mkono huu ulimfukia. Utampokeaje mwanawe na lile kaburi bado limefungwa?" Anaona mtoto atapata mauti kutoka mkono wake.

Basi nimeamua. Nitalichimbua. Nitautoa huo mgomba na gauni lako, nitaung'oa na msalaba wenye jina lako, mama aone kwa macho yake kwamba humo hamna mtu. Kotone hakuwa na wa kumfungulia mfuniko, wewe unaye. Usinikataze.

Mama atapanda basi Jumamosi tarehe 26. Msubiri.

Mdogo wako,
Pamela


Tunduru
22 Oktoba 2024

Pamela,

Assalam aleikum. Marahaba. Naandika kwa haraka, Alfani anapiga honi.

Usichimbe! Kaburi likikaa wazi linaita mtu, bibi ametuimbia hilo tangu tunanyonya. Najua siku hizi sitakiwi kuamini hayo. Mchana siamini. Mlete mama na hofu zake, aje amshike mtoto kwa kanga kama anaogopa mkono wake, nitamcheka, yataisha.

Kichwa kinanigonga tangu juzi, na nikisimama naona vimulimuli. Nesi amenigombeza, anataka niende leo hii. Shemeji yako naye amenuna, anasema nina kichwa kigumu kama cha baba yangu. Nimewaambia wote wawili, mama anafika Jumamosi, siku nne si kitu. Sitaki mama afike akute nyumba imefungwa, atadhani tumemkimbia.

Nimepika sehemu yake ya kulala. Unaona? Nimetandika, nilitaka kuandika. Kichwa hiki.

Dada yako,
Aurelia


Bombambili, Songea
27 Oktoba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Kichwa kimetulia? Hilo ni jua la Tunduru, kunywa maji mengi na ulale.

Barua yako nimeipata Ijumaa. Nilikuwa nimeshachimba Alhamisi, baba alipokwenda Peramiho. Mgomba umekuwa tope jeusi. Gauni lako lipo, limebadilika rangi tu, vifungo vyote vipo. Mama alichungulia, akapiga magoti, akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu uondoke. Kesho yake alikuwa amefunga mzigo.

Lakini baba alirudi kabla sijafukia. Hakupiga kelele. Alisimama pale na koti lake, akaniuliza kama najua nimefanya nini. Akawaita wazee wa ukoo, na wazee wakasema shimo lisifukiwe wala mtu asitoke nyumbani mpaka kikao cha Alhamisi. Mama alipoliona limebaki wazi akaogopa upya, akafungua mzigo. Na hiyo Jumamosi basi liliondoka bila yeye. Ni kosa langu, dada. Ningemwacha atoroke na hofu yake kama ulivyosema, leo angekuwa huko anakukanda mgongo.

Ila mambo hayajaharibika. Kikao kikiisha shimo litafukiwa, na Jumamosi hii mama anakuja, hata kama nitambeba mgongoni. Msubiri. Ni wiki moja tu.

Mdogo wako,
Pamela


Bombambili, Songea
24 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Kila barua nimeanza kwa kukuuliza hali, leo sijui niulize nini.

Shemeji alipiga simu ya saluni Alhamisi ile ile ya kikao, jioni. Alisema jana yake alirudi kutoka shambani akakukuta jikoni umeanguka, mwili unakakamaa. Mzigo wako wa hospitali ulikuwa mlangoni. Walikukimbiza, wakakupasua, mtoto wakamwokoa. Wewe hukuzinduka. Alipokuwa anaongea na mimi walikuwa wameshakuzika, kwa sheria yao maiti haicheleweshwi. Alinisomea na barua yangu ya mwisho. Ulikuwa umeikunja kwenye kanga. Sikumuuliza kwa nini ananisomea.

Mama hakusubiri wazee, hakumuaga mtu. Ijumaa asubuhi alitoka na mzigo wake, baba akamwangalia mpaka akapotea. Amefika huko amekuta mtoto wa kike, mzima, analia kwa sauti yako. Amempokea kwa mkono ule ule. Bado yuko huko, na amesema harudi.

Nyumbani hakukuwa na kilio. Niliweka mkeka uani nikakaa na bibi, nikasubiri watu. Hakuja mtu, dada. Nilimfuata jirani yetu Aurelia mkubwa, aliyekupa jina lake, akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, tulishamlilia mwaka jana. Mtu haliliwi mara mbili." Wale waliokula maharage yetu kwa mgomba walipita njiani na majembe yao, wakatuamkia. Moto wa matanga niliuwasha mimi na bibi, ukazima kabla ya usiku. Nilitamani kuwapiga mawe.

Tarehe mbili ilikuwa siku ya marehemu wote. Watu walikwenda kusafisha makaburi yao na kuwasha mishumaa. Baba hakwenda. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa lile shimo, ameweka gauni lako magotini, analikung'uta udongo kwa vidole. Akaniuliza, "Hili tunalifukia au tunalifua?" Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu nilipochimba. Nilimchukia sana, na nilimhurumia. Shimo bado liko wazi. Wazee hawajakubaliana.

Juzi mwenzangu wa saluni aliniita mbio, "Pamela, njoo uone!" Kampuni ya Hinagiku imeiondoa ile video, imeomba radhi. Kotone ametokea mwenyewe, amekata nywele, ameinama, amesema yuko salama na anawashukuru mashabiki. Wote wanafurahi huko. Nilimtazama akiinua kichwa. Kumbe walimfungulia mara tu kamera zilipozimwa, akatoka akaenda kwao kula.

Barua hii nampa Alfani kama kawaida. Atasoma jina lako juu ya bahasha, atanitazama, ataitia mfukoni. Nitamwambia ampe mama.

Mimi mdogo wako, niliyekwambia usubiri,
Pamela