Elfu Kumi Kasoro Tisa

Nyumbani,
juu ya duka la vitasa,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa kaka Bingwa,

Pokea salamu zangu tele. Hujambo? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi huku tunadunda. Mama anakula vizuri, na mguu wa kulia umeanza kumtii.

Barua yako imefika, na imeniudhi, sikufichi. Unasema likizo utaisogeza hadi mwakani, kwa kuwa Mama hasemi tangu apate kiharusi, na hutaki kusafiri mbali hivyo ukatazamwe kama mgeni. Makubwa! Nani kakuambia hakujui? Kunyamaza si kusahau. Soma haya kwanza.

Unaikumbuka sheria ya sinki letu. Anayeosha vyombo anapewa namba na Mama, mwalimu wetu huyo wa hesabu, na hakaushi mikono mpaka aivunje. Wewe ulipewa 9,991. Ukaigawa kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, ukapanda hadi hamsini na ngapi sijui, povu likaisha. Ukatangaza kuwa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mama akacheka tu, akakataa kukupa jibu. Ukaondoka nayo hadi ng'ambo.

Basi juzi naosha sufuria, Mama yuko kwenye kiti chake mlangoni mwa jiko. Nikamchokoza makusudi. "Mama, ile namba ya Bingwa ni tasa kweli. Mwanao alipatia."

Weee! Uso ulivyokunjamana! Mdomo ukahangaika, mkono ukapiga kiti, halafu maneno yakatoka, mazito lakini kamili: "Elfu kumi kasoro tisa."

Sufuria ilinitoka mkononi. Nililia, kaka. Nikamkumbatia na povu langu lote, naye akanisukuma, maana somo lilikuwa halijaisha. "Mia mara mia," akasema. "Toa tatu mara tatu."

Hapo nikaona. Mia kasoro tatu, mara mia na tatu. Zidisha tisini na saba kwa mia moja na tatu uone kama hupati 9,991 yako. Wewe ulihangaika kuipanda kutoka chini, kumbe ilikuwa ya kushukia kutoka elfu kumi. Pole, Bingwa!

Muuguzi anayemfanyisha mazoezi kasema tuendelee kumchokoza, maneno mengine yatafuata. Mimi sina wasiwasi hata chembe.

Shemeji mpe salamu nyingi, na wanao wabusu mashavu. Mama mdogo anakusalimu, na fundi vitasa wa hapo chini pia. Mungu akulinde, akufungulie njia ya kurudi.

Mdogo wako akupendaye hata ukikosea kugawa,
Kitindamimba.

N.B. Nimemsomea Mama barua hii. Akauliza, "Yuko wapi?" Nikamwambia uko mbali. Akafikiri, kisha akakutumia namba nyingine: "Milioni kasoro themanini na moja." Nikamuuliza kama unaweza kujibu kwa simu. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye sinki.